Faili Lipo, Lakini Ni Lilelile?

Mtu akiniambia kwamba nyaraka za ofisi yake au za ukoo wake "zimeshaskaniwa, ziko salama," huwa namuuliza: mara ya mwisho mlizifungua lini? Wengi hunyamaza kidogo, kisha hujibu kwamba diski ipo kabatini. Mimi ni mkutubi katika maktaba ya chuo hapa Dar es Salaam. Nilianzia upande wa makusanyo maalumu na sasa niko upande wa dijiti. Kuskani mtu yeyote makini anajifunza haraka. Kinachonila siku nzima ni kuhakiki: kuhakikisha kwamba tulichonacho ndicho kile tulichopewa, kimekamilika, na kinajulikana kimetoka wapi. Watu wengi hawaioni kazi hiyo, na wafadhili huwa hawaiulizii, ndiyo maana nimeona niiandikie.

Mwaka jana familia moja yenye asili ya Pangani ilituletea flashi. Ndani mlikuwa na picha za utenzi ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu, kitabu cha marehemu babu yao. Bibi mwenye kitabu hakutaka kitoke nyumbani, na nilimwelewa kabisa, maana vitabu vingi vya Pwani viliazimwa kwa maneno matamu na havikurudi. Basi mjukuu alikipiga picha kwa simu, akazituma kwa WhatsApp kwa binamu yake wa Dar, na binamu akaziweka kwenye flashi.

Tatizo lilianza kuonekana kwenye majina ya mafaili. IMG-20240611-WA0012.jpg. Hilo WA linakuambia kwamba picha imepitia WhatsApp. Tarehe iliyomo kwenye jina ni ya siku picha ilipotumwa, hata kama ilipigwa miezi kadhaa kabla. Namba za mwisho nazo zinafuata mpangilio wa kutumwa, ambao si lazima uwe mpangilio wa kurasa. Tena WhatsApp huibana picha ili isafiri upesi, na huziondoa taarifa zilizokaa ndani yake, kama aina ya simu, saa na mahali. Kwa picha ya harusi hayo ni madogo. Kwa hati ya Kiarabu, ambamo nukta moja ndiyo inayotenganisha ba na nun, au ra na zai, ukibana picha unaweza kuifuta nukta yenyewe au kuifanya ifanane na doa la karatasi. Kwa hiyo nikampigia simu mjukuu, nikamwomba azitume upya zile za awali zilizomo kwenye simu yake, safari hii kama dokumenti. Akakubali. Ninawaomba nanyi wasomaji mfanye hivyo kila mnapotumiana picha za barua, hati za shamba au vyeti vya zamani.

Picha za awali zilipofika, niliketi na Maalim anayetusaidia kusoma miswada. Tulikuwa tumefika kama katikati ya utenzi aliposimamisha kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Mwanangu, hapa pamekatika."

"Pamekatika vipi, Maalim? Naona beti zinaendelea."

"Vina vinaendelea. Tazama chini."

Wanakili wa zamani kwa kawaida hawakuweka namba za kurasa. Walikuwa na njia yao. Chini ya ukurasa wa kulia, kwenye kona ya kushoto, mnakili aliandika peke yake neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Ukifika mwisho wa ukurasa unalisoma lile neno, unahamia ukurasa wa kushoto, na ukilikuta pale juu unajua uko sawa. Hapa neno la chini lilikuwa moja na la juu lilikuwa jingine. Karatasi moja haikuwepo.

Tulizipitia picha zote hadi mwisho. Picha mbili za mwisho zilikuwa za karatasi iliyochanika kwenye mshono, na mtu fulani, labda miaka mingi iliyopita, aliichomeka nyuma ya kitabu ili isipotee. Ukurasa wake wa kwanza ulianza na lile neno tulilokuwa tukilitafuta. Ukurasa wake wa pili chini ulikuwa na neno la kuunganishia, na neno hilo ndilo lililoanza ukurasa wa kushoto pale palipokatika. Imeshika huku na huku. Maalim alishusha pumzi akasema, "Alhamdulillahi, mwenyewe katuachia njia."

Ndiyo uhakiki huo, na ameufanya mnakili aliyeishi kabla ya umeme kufika Pangani. Kama tungeziunganisha zile picha kuwa PDF moja kwa mpangilio wa namba na kuziweka mtandaoni, mtafiti angezisoma beti za katikati zikiwa mwishoni, angeandika makala kuhusu muundo wa utenzi ule, na kosa lingeishi kuliko karatasi. Hata hivyo hatukuipanga upya kimyakimya. Mafaili tumeyaacha katika mpangilio wa kitabu kilivyo leo mikononi mwa bibi, na kwenye maelezo tumeandika kwamba karatasi ya mwisho mahali pake ni katikati, na kwa ushahidi upi. Anayekuja baada yetu anaweza kuona kitabu kilivyokutwa na anaweza kuona hoja yetu. Akiona tumekosea, ana pa kuanzia.

Kuna uhakiki mwingine ambao wanakili walituachia, nao ni tarehe. Mwishoni mwa muswada mara nyingi hutajwa siku ya juma, tarehe, mwezi na mwaka wa Hijria. Makatalogi mengi huuchukua ule mwaka, huutafsiri kwa mwaka mmoja wa Kizungu, na mambo huishia hapo. Chukueni Utendi wa Tambuka wa Mwengo wa Athumani wa Pate, ambao mwaka wake ni 1141 Hijria. Vitabu vingi vinasema 1728. Lakini mwaka 1141 ulianza Agosti 1728 ukaisha Julai 1729, kwa hiyo bila kujua mwezi huwezi kuchagua kimoja ukawa na uhakika. Sisi huandika mwaka wa Hijria kama ulivyo, kisha miaka yote miwili kando yake. Na siku ya juma ikitajwa, nafurahi sana, kwa sababu hiyo ndiyo kipimo. Ukibadilisha tarehe ukapata Jumatano ilhali mnakili amesema Ijumaa, basi ama umesoma namba vibaya ama yeye alikosea. Tofauti ya siku moja tunaivumilia, maana mwezi huandama kwa kuonekana, na mji mmoja huweza kuuona kabla ya mwingine. Na lazima ukumbuke kwamba siku inaanza magharibi: usiku wa Jumatatu kwa mnakili ni ule ambao mtu wa ofisini leo angeuita Jumapili usiku. Kwenye kitabu cha Pangani tarehe na siku zilikubaliana. Ule mwaka tuliusoma sawasawa.

Jambo jingine tunalolisisitiza ni kumtaja msomaji. Katika hati ya Kiarabu kama ilivyoandikwa Pwani zamani, herufi moja ya ba inaweza kusimama kwa b, kwa p, au kwa mb. Anayejua lahaja na anayejua beti ataisoma sawa, asiyejua ataisoma anavyodhani. Kwa hiyo tunapoweka maandishi ya Kirumi kando ya picha, tunaandika ni nani aliyesoma na lini, na pale alipokuwa na mashaka tunaandika kwamba alikuwa na mashaka. Nimeona makusanyo makubwa ya dijiti yenye matini safi kabisa, isiyo na alama ya shaka hata moja, wala jina la aliyeisoma. Usafi wa namna hiyo unanitia hofu.

Mashairi ya Muyaka bin Haji ni mfano mzuri wa mnyororo unaofuatilika. Muyaka alifariki Mombasa mwaka 1840. Mashairi yake mengi hatukuyapata kwa mkono wake. Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya kutoka kwa watu waliokuwa wakiyakumbuka, mmisionari W. E. Taylor akafanya kazi pamoja naye, na karatasi za Taylor leo ziko katika chuo cha SOAS, London. Unaweza kuuliza kila pingili: nani alikumbuka, nani aliandika, karatasi ilikwenda wapi. Lile shairi linalozunguka kwenye makundi ya simu likiwa na jina la Muyaka chini yake halina pingili hata moja. Huenda ni lake. Mimi sitaliingiza kwenye katalogi kwa jina lake mpaka nione lilikotoka.

Sasa nije kwenye mashine. Katika elimu ya Kiislamu, mwanafunzi akimaliza kunakili alikaa na nakala ya asili, akazilinganisha mbele ya mwalimu, na pembeni akaweka alama kuonyesha ulinganisho umefika wapi. Ukizikuta alama hizo pambizoni unajua nakala haikuachwa hivihivi. Nasi tunafanya jambo hilohilo kwa kompyuta. Kila faili linapoingia, programu hulipitia lote na kutoa mfuatano wa tarakimu na herufi, unaoitwa cheksamu. Tunatumia aina ya SHA-256, inayotoa alama 64 kwa faili lolote, liwe barua ya ukurasa mmoja au saa tatu za sauti. Ni kama dole gumba la faili. Likibadilika hata kwa baiti moja, mfuatano unaotoka huwa tofauti kabisa. Alama hizo tunaziandika na kuzitunza, na baada ya muda kompyuta huzipiga hesabu upya na kulinganisha.

Namna tunavyofunga mzigo ni ile inayoitwa BagIt, iliyobuniwa na Maktaba ya Bunge la Marekani pamoja na wenzao wa California, na kuchapishwa mwaka 2018 katika mfululizo wa nyaraka za kiufundi za intaneti uitwao RFC. Hakuna uchawi ndani yake. Ni folda. Ndani yake kuna folda nyingine iitwayo data yenye mafaili yenyewe, na kando yake faili la maandishi ya kawaida liitwalo manifest-sha256.txt, ambalo kila mstari una zile alama 64 na jina la faili moja. Kuna faili jingine dogo la maelezo ya nani ametuma na lini. Miaka 30 ijayo, hata kama programu zetu zote zimekufa, mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kulifungua lile faili la maandishi na kuelewa tulichokuwa tukifanya. Napenda sana vitu vinavyoweza kusomwa bila kumtegemea muuzaji.

Cheksamu inakuambia faili ni lilelile. Kama picha iliingia ikiwa na ukungu, au karatasi ikiwa imekosekana, itakulindia ukungu na pengo kwa uaminifu. Ndiyo maana kazi ya Maalim inatangulia.

Kisha linakuja suala la mahali pa kuweka, na hapa lazima nizungumzie yaliyoipata Maktaba ya Uingereza mwezi Oktoba 2023, kwa sababu yanatuhusu moja kwa moja. Maktaba hiyo ina mpango wa nyaraka zilizo hatarini, ambao umelipia kazi ya kupiga picha za miswada sehemu nyingi za Afrika, ikiwemo ya Msikiti wa Riyadha kule Lamu. Masharti ya mpango ni mazuri: karatasi zenyewe hazitoki nchini, nakala ya dijiti inabaki pia nyumbani, na nyingine inawekwa London kwa ajili ya wasomaji wa dunia nzima. Wadukuzi wa kundi liitwalo Rhysida walipoingia, waliiba takribani gigabaiti 600 za data, wakafunga mifumo kwa kudai fidia, na walipokataliwa wakazimwaga hadharani. Tovuti na huduma za maktaba zilizimika. Katalogi kuu ilirudi Januari 2024, tena ya kutafutia tu, na huduma nyingine zilichukua muda mrefu zaidi.

Mwezi Machi 2024 maktaba hiyo ilichapisha ripoti ya wazi kuhusu yaliyotokea, na ninawaheshimu sana kwa hilo, maana taasisi nyingi huficha. Walieleza kwamba huenda wadukuzi waliingia kupitia seva ya kuunganishia watu wa nje, ambayo haikuwa na uthibitisho wa hatua mbili. Lakini sentensi iliyonikaa ni nyingine. Walisema nakala za makusanyo yao yote ya dijiti zilikuwa salama. Walichokosa ni miundombinu ya kuzirudishia. Mifumo mingi ilikuwa ya zamani mno, haikuweza kusimamishwa tena ilivyokuwa. Mali ipo, nyumba ya kuiweka haipo. Niliisoma ripoti hiyo nikaenda moja kwa moja kwa mkuu wangu, na tangu hapo tunafanya zoezi la kurudisha. Tunachukua kompyuta isiyo na kitu, tunajifanya seva imeungua, tunajaribu kuurudisha mkusanyiko mmoja kutoka kwenye nakala ya akiba na kuufungua mbele ya msomaji. Zoezi hilo limetufundisha mengi kuliko semina zote. Tuligundua, kwa mfano, kwamba funguo za kufungulia nakala zilizosimbwa zilikuwa zimetunzwa kwenye seva ileile tuliyokuwa tukijifanya imeungua. Sasa zipo kwenye karatasi, ndani ya kasha la chuma, katika jengo jingine.

Chuo Kikuu cha Stanford kilianzisha mwaka 1999 mfumo wa LOCKSS, ambao wazo lake ni kwamba maktaba nyingi zitunze nakala zilezile, na kompyuta zao ziulizane mara kwa mara: yako ikoje, yangu ikoje? Inayotofautiana na wengi hurekebishwa kutoka kwa wenzake. Natamani maktaba za vyuo vya Dar, Zanzibar, Nairobi na Mombasa zifanye hivyo kwa nyaraka za Kiswahili. Kila mmoja wetu sasa ana diski yake, na mmoja akipata ajali wenzake hawana hata orodha ya alichokuwa nacho.

Nigusie na hili la wanafunzi, maana linaongezeka. Wanakuja kaunta na orodha ya vitabu waliyopewa na programu za akili mnemba, na baadhi ya vitabu hivyo havijawahi kuandikwa. Jina la mwandishi ni la kweli, mchapishaji ni wa kweli, kichwa kinapendeza, kitabu hakipo. Siwakemei, nawafundisha kupima. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, yenye tarakimu 13, ina kipimo chake ndani: zidisha tarakimu ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, hivyo hivyo hadi mwisho, kisha jumlisha. Jumla isipogawanyika kwa 10 bila baki, namba hiyo ni mbovu. Halafu tazama tarakimu zinazofuata 978 ya mwanzo: vitabu vya Kenya vina 9966 au 9914, vya Tanzania vina 9976, 9987 au 9912. Mchapishaji mzalendo wa Dar mwenye namba ya nchi nyingine anastahili kuulizwa, ingawa kampuni zenye mizizi Uingereza zimetoa vitabu Nairobi kwa namba za kwao. Namba ikipita vipimo hivyo bado hujathibitisha kitu mpaka ukione kwenye katalogi ya maktaba fulani. Wanafunzi wakishajua hesabu hii wanaipenda, wanaanza kuipima hata kwenye vitabu vyao wenyewe.

Kinachonikosesha raha zaidi sasa hivi ni kanda za sauti. Miaka ya 1960 mtaalamu wa Kiswahili J. W. T. Allen alikusanya miswada ya Kiswahili na Kiarabu kwa ajili ya chuo cha Dar es Salaam, na orodha yake iliyochapishwa mwaka 1970 inataja miswada na kanda pia. Kanda zilikuwa za maana tangu wakati huo, kwa sababu utenzi unaimbwa. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti walitoa tahadhari kwamba kufikia mwaka 2025 au karibu na hapo, kuzicheza kanda za sumaku kungekuwa kugumu kupindukia, kwa kukosekana mashine, vipuri na mafundi. Muda huo umeshafika. Fundi wa mashine za kanda tunayemtegemea ni mzee, na hana mwanafunzi.

Majumbani ndiko kuliko na kaseti nyingi zaidi: khutba, taarab za harusini, barua za sauti kutoka Muscat, bibi akisimulia hadithi huku jogoo akiwika. Kama unazo, vunja vile vibanzi viwili vya plastiki vilivyo kwenye ukingo wa juu wa kaseti, ili asitokee mtu akarekodi juu yake. Isichezwe kwenye redio ya zamani ambayo haijasafishwa vichwa, na usijaribu kwa kaseti unayoipenda kuliko zote. Ikihamishiwa kwenye kompyuta, omba faili la WAV, yaani la sauti isiyobanwa, kilohazi 96 kwa biti 24 kama fundi anaweza, kisha hiyo MP3 ya kutumiana itengenezwe kutoka humo. Jina la faili liwe na mahali na mwaka. Na kama mama au shangazi bado anaweza kuzitambua sauti zilizomo, msikilizishe yeye kwanza, mwandike majina aliyoyataja, na mwandike pia kwamba ni yeye aliyeyataja, siku hiyohiyo.